Umeme wa jua wa majangwani: Tanga tuununue kwa masharti gani?

Mleta mada, Chumbageni

Assalaam alaykum wana Tanga, mlio nyumbani na mlio mbali.

Nina hoja ambayo naona tunaipita kana kwamba ni ya watu wengine. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa mikoa ya kaskazini itapata umeme wa kununua kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme unaozalishwa kusini unapotea njiani kabla haujatufikia. Hasara iliyotajwa ni shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Ubishi uliofuata ulikuwa mmoja: vipi tununue nje ilhali Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115? Ubishi huo umeshaandikwa sana, siurudii.

Mimi nauliza la mbele yake. Njia ya waya imeshafunguka. Laini ya Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye urefu unaozidi kilomita 1,000, inasafirisha umeme tangu mwishoni mwa 2022, na kutoka Isinya, hukohuko Kenya, ipo nyingine ya kilovoti 400 inayoingia kwetu hadi Singida. Umeme wa Ethiopia kwa sehemu kubwa ni wa maji. Kesho waya huohuo unaweza kubeba umeme wa jua la Garissa, la Marsabit kwenye jangwa la Chalbi, au la mbali zaidi. Mitambo hiyo ipo tayari duniani. Kule Benban, karibu na Aswan, Wamisri wametandaza paneli za megawati 1,650 hivi kwenye kilomita za mraba 37 za mchanga. Morocco wana Noor Ouarzazate, megawati 580. India wana Bhadla katika jangwa la Thar, zaidi ya megawati 2,200 mahali pamoja. Kwa ukubwa huo Bhadla inalipita Bwawa letu la Nyerere kule Rufiji, japo jua likizama paneli zinalala.

Msimamo wangu ni huu. Umeme wa namna hiyo tuununue, lakini pale tu ambapo wenye ardhi wameikodisha bila kuuza, na vijiji vilivyo chini ya waya vimewashiwa taa kabla yetu.

Nasema hivyo kwa sababu ya kilichotokea Ouarzazate. Ardhi ya mtambo ule ilikuwa ya pamoja ya jamii ya Waamazigh. Ilinunuliwa kwa dirhamu moja kwa mita ya mraba, kwa maelezo kwamba ni ardhi kame isiyozalisha kitu. Fedha zenyewe hazikugawiwa kwa familia, ziliingizwa kwenye mfuko wa miradi ya maendeleo. Kumbe watu walikuwa wakichunga pale, wakiokota kuni, wakivuka kwenda vijiji vingine. Hayo yote hayakuwa na safu yake kwenye karatasi za tathmini.

Sisi wa Tanga tunaijua hadithi hii tangu kabla ya paneli. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge. Mwaka 1895 amri ya Kaizari wa Ujerumani ikatangaza kwamba ardhi isiyothibitishwa ina mwenyewe ni mali ya Dola. Shamba lililopumzishwa, malisho, msitu wa matambiko, vyote vikahesabiwa kuwa havina mtu. Ukitoka Muheza kwenda Korogwe leo bado unaona vijiji vilivyobanwa kati ya mistari ya mkonge na barabara. Watoto wa waliokuwa na ardhi wanaomba robo eka ya kulima mihogo.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "jangwa ni tupu, tandaza paneli", nastuka. Karibuni.

Mama Barafu, Deep Sea

Mwanangu, pole kwa kuandika. Nimeyasoma yote na mambo ya mkonge umeyasema sawa, baba yangu alikuwa mkata mkonge, Mungu amrehemu.

Lakini niseme langu. Mimi nagandishia wavuvi barafu. Umeme ukikatika saa tano asubuhi, jioni sina cha kumpa nahodha anayekwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali. Anaondoka na barafu kidogo, na samaki wakirudi matamvua yamepauka, mnadani wanauzwa kwa bei ya kuwahurumia. Hasara hiyo haimpati mvuvi peke yake. Inampata mama muuza samaki, inampata mwenye baiskeli anayepeleka Amboni, inanipata mimi.

Anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Mwenye friza hawezi kubaki humo. Napandishwa kwenye bei ya karibu mara tatu, na kwa bei hiyo bado unakatika. Sasa mnaponiambia tuwaulize kwanza watu wa jangwani kama wamewashiwa taa, naelewa utu wake, lakini na sisi tuna njaa ya umeme. Masharti yenu yakichelewesha waya mwaka mmoja, nani anifidie mwaka huo?

Fundi Sola, Makorora

Kaka mleta mada, unajadili masharti ya ndoa na mchumba hajapatikana. Umeme wa jangwani kuusafirisha nchi hadi nchi umewashinda wenye fedha. Mwaka 2009 makampuni makubwa, mengi ya Ujerumani, yalianzisha mpango wa Desertec: jua la Sahara lilishe Ulaya asilimia 15 ya umeme wake ifikapo 2050, gharama euro bilioni 400. Mwaka 2012 Siemens na Bosch wakajitoa, mpango ukanywea. Kisha wakaja Xlinks, waya wa chini ya bahari wa karibu kilomita 4,000 kutoka Morocco hadi Uingereza. Juni 2025 serikali ya Uingereza ikasema haiutaki.

Wakati huohuo bei ya paneli kati ya 2010 na 2020 ilishuka kwa karibu asilimia 90. Mimi nazifunga, naona. Zamani mteja alikuwa mwenye nyumba ya ghorofa, sasa hivi ananiita mwenye duka la chipsi. Tuna mabati mangapi Tanga? Maghala ya bandarini, shule, misikiti, makanisa, stendi ya Kange, soko la Mgandini. Hakuna anayenyang'anywa shamba kwa sababu ya paneli iliyo juu ya bati. Haki unayoitafuta Marsabit ipo juu ya kichwa chako.

Mwalimu wa fizikia, Pongwe

Fundi, heshima yako kazini naijua, ila hapo umechanganya mambo.

Desertec haikuuawa na umbali. Umeme wa mkondo mnyoofu (DC) kwenye msongo mkubwa unapoteza takribani asilimia 3 kwa kila kilomita 1,000, hicho ni kiasi kidogo. Kinachotutesa kaskazini ni laini ndefu za mkondo geu (AC) zilizozeeka, kama hii ya kilovoti 132 inayopita Chalinze kuja Hale na Tanga. Mpango ule uliangushwa na mambo mengine: machafuko ya mwaka 2011 katika nchi za Kiarabu, Hispania kukataa kutia saini makubaliano ya waya kupita kwake, na hiyohiyo bei ya paneli uliyoitaja, iliyowafanya Wajerumani waweke paneli kwao hata kwenye jua lao hafifu.

Kuhusu mabati ya Tanga. Kwa nyumba na maduka, naam, na ningependa kuona kila shule ina paneli. Lakini hapa ni pwani. Masika tunakaa na mawingu siku nyingi, na upepo wa chumvi unakula mabano na nati, wewe fundi unajua ukibadilisha chuma cha kawaida unakikuta kimekuwa unga. Tena kiwanda cha saruji hapa Pongwe hakiwezi kuendeshwa na mabati. Mahitaji makubwa yanataka mtambo mkubwa mahali penye anga safi. Serikali yenyewe imeliona hilo, ndiyo maana mradi wa Kishapu wa megawati 150, unaoanza na 50, uko Shinyanga na hauko Tanga.

Sasa nije kwenye jangwa lenyewe, kwa sababu watu wanadhani ni mahali pepesi pa kuzalishia. Jua ni jingi kweli. Saa sita mchana mita moja ya mraba hupokea karibu kilowati moja, na paneli nzuri hubadilisha kama moja ya tano yake kuwa umeme. Lakini paneli haipendi joto. Kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza uzalishaji kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, na joto la paneli lenyewe huzidi la hewa kwa mbali. Halafu vumbi. Bhadla wanatumia roboti zinazofagia bila maji, kwa sababu maji hayapo ya kuoshea mamilioni ya paneli.

Na usiku? Tanga tunawasha sana kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Morocco walijaribu kulijibu hilo kwa vioo badala ya paneli. Vioo vinakusanya miali, joto linahifadhiwa kwenye chumvi iliyoyeyushwa, usiku linachemsha maji na mvuke unazungusha tabo la kuzalishia umeme. Noor III, sehemu ya tatu ya mtambo wa Ouarzazate, ina mnara wa karibu mita 250, chumvi yake hupashwa hadi nyuzi 565 hivi, na hifadhi ni ya saa saba. Ni kazi ya ajabu. Lakini mwaka 2024 tangi la chumvi lilivuja na mtambo ukasimama kwa miezi. Kule Nevada, mtambo wa Crescent Dunes wa megawati 110 ulivujisha chumvi mwaka 2016, na mwaka 2020 kampuni yake ikafilisika. Pia Noor I inapozwa kwa maji ya bwawa la Mansour Eddahbi, ambalo mitende ya bonde la Draa inalitegemea. Noor II na III wakahamia kupoza kwa hewa. Walijifunza, lakini wakulima wa tende walitangulia kulipa.

Njia ambayo mimi naiamini ni ya Benban. Pale pako jirani na Bwawa Kuu la Aswan, lenye megawati 2,100. Mchana jua linafanya kazi, maji yanabaki bwawani, usiku maji yanachukua zamu. Sisi tuna Rufiji, tuna Mtera, na hapa kwetu tuna Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Umeme wa jua ukiingia mchana kutoka kokote, maji ya Pangani yanapumzika kwa ajili ya usiku, na mkulima wa mpunga wa bonde hilo naye anapata nafasi ya kupumua. Hili ndilo jambo ambalo ningetaka wakubwa wetu walipigie hesabu.

Msomaji, Lushoto

Mwalimu, nilisoma mahali kwamba paneli zikifunika Sahara mvua itaongezeka. Ni kweli, au ni maneno ya kuuzia paneli?

Mwalimu wa fizikia, Pongwe

Ni kweli nusu. Utafiti uliochapishwa 2018 kwenye jarida la Science ulitumia kompyuta kukadiria, ukaona mitambo ya upepo na jua kwa ukubwa wa kutisha ingeongeza mvua, hasa upande wa Sahel. Paneli nyeusi hunyonya joto zaidi ya mchanga mweupe, hewa inapanda, mawingu yanavutwa. Tafiti zilizofuata zikaonyesha upande wa pili: ukifunika asilimia 20 ya Sahara, mikanda ya mvua inahama na Amazon inakaukiwa. Lakini asilimia 20 ya Sahara ni karibu mara mbili ya Tanzania nzima. Hakuna anayejenga hivyo. Megawati hamsini za Garissa hazitagusa mvua ya Lushoto.

Mzaliwa wa Garissa, anaishi Duga

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni Mkenya, biashara ya mifugo ndiyo imenileta Tanga na sasa nina watoto hapa. Nimesoma nikaona mnatuzungumza sana bila sisi kuwepo.

Kwanza, mleta mada, asante kwa kusema jangwa si tupu. Kila bonde kavu lina jina na lina ukoo. Mwaka wa mvua hatuendi, mwaka wa kiangazi ndipo penye uhai wetu. Mpimaji akija mwaka wa mvua ataandika "hakuna watu".

Lakini usituombee giza kwa jina la haki. Mtambo wa jua wa Garissa ni megawati 50 kwenye hekta 85 hivi. Hekta 85 hazimzuii ngamia kufika kisimani, mradi njia yake imeachwa. Watu wetu wanautaka umeme huo, wanataka na ajira ya kufagia hizo paneli. Tatizo letu sisi watu wa kaskazini ya Kenya halikuanzia kwenye jua, lilianzia kwenye ukubwa wa ardhi inayochukuliwa na namna ya kuichukua.

Angalieni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit. Mitambo 365, megawati 310. Ardhi iliyokodishwa: ekari 150,000. Mitambo inasimama kwenye sehemu ndogo tu ya ardhi hiyo. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikasema hati zilipatikana kinyume cha utaratibu, ikatoa muda wa kurekebisha, na kesi haikuishia hapo. Miaka yote hiyo umeme unatoka na waya unapita juu. Na kabla ya hapo, mitambo ilikuwa tayari 2017 lakini laini ya kwenda Suswa ikakamilika 2018, Mkenya mlipa kodi akabebeshwa mabilioni ya fidia kwa umeme ambao haukuwa na njia ya kupita.

Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Inasema makubaliano na mwekezaji lazima yapitishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima kwenye mkutano. Sheria nzuri sana. Jamii nyingi hazijapata hata hati yao ya kuwapa sauti hiyo. Kwa hiyo mkinisikiliza mimi, sharti la kwanza la mnunuzi wa Tanga liwe hati. Jamii iwe imesajiliwa, mkutano uwe umefanyika, karatasi ionekane. Taa na kukodisha vitafuata, kwa sababu mwenye hati anajua kujadili bei.

Mfanyabiashara, Barabara ya 12 Ngamiani

Nawaheshimu wote ila naona tunajifunga miguu wenyewe.

Bhadla haikujengwa kwa mikutano ya kijiji. Serikali ya Rajasthan ilitenga ekari kama 14,000, ikaleta barabara na laini, ikawaambia wawekezaji leteni bei ya chini. Bei ikashuka, India ikapata umeme wa jua wa bei nafuu. Benban hivyohivyo: ardhi ya serikali, viwanja vimekatwa, kila kampuni na chake. Mwekezaji anatafuta mahali ambapo anajua tarehe ya kuanza. Mkiweka mkutano wa theluthi mbili, halafu hati, halafu taa za vijiji, halafu kukodisha kwa miaka na bei kupitiwa upya, benki itaongeza riba kwa sababu ya hatari, na hiyo riba atailipa Mama Barafu. Nchi tajiri ndizo zenye uwezo wa kununua umeme wa maadili. Sisi tukishapata viwanda, vijana wakapata kazi, tutarudi kuyatengeneza hayo.

Na swali kwa mleta mada: huo umeme wa Ethiopia, umeuliza waliohamishwa na mabwawa? Dizeli inayochomwa kwenye jenereta za hoteli zetu umeuliza ilikotoka? Kwa nini jua peke yake ndilo lipimwe kwa mizani hii?

Kijana wa pwani, kaskazini ya mji

Mzee wa Barabara ya 12, "tutarudi kuyatengeneza" ndiyo kauli iliyonifanya niandike.

Familia yetu iliwahi kulipwa fidia ya ardhi kwa mradi mmoja, sitautaja. Hesabu ya minazi na miembe ilifanyika, na hela ilikuja, sisemi haikuja. Babu alinunua bodaboda mbili na bati. Bodaboda zimekufa. Minazi ilikuwa ikituangulia kila baada ya miezi mitatu tangu kabla mama hajazaliwa. Leo nikiwa na umri wa kuoa sina pa kujenga. Hakuna aliyerudi kutengeneza kitu, na kwa mujibu wa karatasi hakuna aliyekosea, maana tulilipwa.

Laiti ingekuwa kodi ya mwaka, hata ndogo, ingenifikia mimi. Fidia ilimfikia babu tu. Mtambo wa jua unakaa miaka 25 au zaidi. Vizazi viwili vinazaliwa paneli zikiwa pale. Kwa hiyo naunga mkono kukodisha kuliko sharti lolote jingine humu.

Mleta mada, Chumbageni

Nimewasikia. Nianze na mzee wa Ngamiani kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote.

Unasema haki inapandisha riba. Dhuluma nayo inapandisha. Turkana wameonyesha: ukiruka mkutano wa wanajamii unakutana nao mahakamani, mitambo ikiwa imeshasimama na mkopo unadaiwa. Na Rajasthan ulikoitolea mfano, wananchi wa Jaisalmer wanapinga mitambo kuingia kwenye misitu yao mitakatifu, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya India iliamuru nyaya zifukiwe ardhini ili kumnusuru ndege adimu wa jangwani, tandawala wa India, kabla ya amri hiyo kulegezwa mwaka 2024. Wawekezaji walikaa miaka mitatu bila kujua waya wao upite wapi. Hiyo ni hatari ya fedha kama hatari nyingine.

Kwa nini jua peke yake? Silipimi peke yake. Mabwawa ya Ethiopia yaulizwe pia, na gesi ya Mtwara iulizwe. Lakini mabwawa yameshajengwa, mitambo ya jua ya kaskazini ya Kenya kwa sehemu kubwa bado haijajengwa. Sauti ya mnunuzi ina nguvu kabla mkataba haujasainiwa.

Nawapa na historia moja. Mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman alijenga Maadi, karibu na Cairo, mtambo wa vioo vilivyopindwa kama mfereji uliopampu maji ya Mto Nile kwa nguvu ya jua. Ulifanya kazi. Lord Kitchener akapendezwa, akamwahidi maelfu ya ekari za pamba huko Sudan. Tazameni hapo: mtambo ule wa majaribio haujamaliza mwaka, na tayari ardhi ya Wasudani imeshaahidiwa mtu. Vita Kuu ikaukatiza mpango. Kwangu miaka zaidi ya 100 ya kusubiri "tutatengeneza baadaye" inatosha.

Ndugu yetu wa Garissa, hati kuwa sharti la kwanza naliafiki, na linakwenda mbele ya yale mawili yangu. Na kwetu lipo la kufanana nalo: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano wa kijiji unaweza kulikubali au kulikataa, likizidi hapo uamuzi unapanda kwa waziri. Mtambo wa megawati 50 kama wa Garissa unaingia ndani ya hekta 250 bila shida. Kwa hiyo anayesema mitambo ya jua haiwezekani bila kuchukua maelfu ya ekari hasemi kweli. Mitambo ya kadiri, mingi, kila mmoja na kijiji chake mezani, inawezekana. Wachina kule Talatan, mkoani Qinghai, wameacha kondoo walishe chini ya paneli, maana kivuli na maji ya kuoshea yaliotesha majani mpaka yakaanza kuziba paneli. Mchungaji na mtambo wanakaa pamoja, wakipangiwa tangu mwanzo.

Fundi, mabati yako siyapingi. Yafungwe yote. Lakini umesikia mwalimu: mwenye barafu anahitaji umeme wa saa tatu usiku.

Fundi Sola, Makorora

Nimemsikia. Bado nasema betri zinashuka bei kwa kasi, tukutane baada ya miaka mitano.

Ila kuna kitu nimekumbuka juu ya hizi taa za vijijini. Kijiji hakiwezi kudonoa umeme kwenye laini ya kilovoti 400 kama inavyofanywa kwenye nguzo ya mtaa. Kinataka kituo cha kupoza umeme, na kituo ni fedha nyingi. Ndiyo sababu vijiji vilivyo chini ya laini kubwa hubaki gizani hata hapa kwetu. Ukitaka viwashiwe, andika mapema kwamba mtambo wenyewe utoe laini ndogo ya kilovoti 33 kwenda vijiji vya karibu, kabla umeme haujapandishwa kwenda mbali. Ikifanywa hivyo wakati wa ujenzi ni sehemu ndogo ya gharama. Ikifanywa baadaye haifanywi.

Mwalimu wa fizikia, Pongwe

Fundi amesema sawasawa. Laini ya kilovoti 33 iandikwe ndani ya mkataba wa kuuziana umeme. Ikiachwa kwenye barua ya ahadi pembeni, haitajengwa.

Mfanyabiashara, Barabara ya 12 Ngamiani

Hiyo ya laini ndogo naikubali, ina hesabu. Kodi ya mwaka kwa wanakijiji nayo naikubali ikiwa inajulikana tangu siku ya kwanza, maana gharama inayojulikana benki haiiogopi. Theluthi mbili ya wanajamii bado inanipa wasiwasi. Nani atawahesabu watu wanaohamahama?

Mzaliwa wa Garissa, anaishi Duga

Koo zinajuana, mzee. Wakati wa kugawa maji ya kisima hakuna anayesahaulika. Mpeni mpimaji mwaka mzima, wa mvua na wa kiangazi, atawaona wote.

Mama Barafu, Deep Sea

Wanangu, nimefuata mpaka hapa. Niliuliza nani anifidie mwaka wa kuchelewa, na hakuna aliyenijibu, ila nimepata la kusema.

Nimechukua risiti yangu ya LUKU nikaisoma vizuri. Kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, kuna EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, na kuna REA asilimia 3. Hiyo ya REA ni ya kupeleka umeme vijijini. Kumbe kila nikinunua uniti nachangia taa ya mtu wa Kilindi ambaye simjui, na nimekuwa nikichanga miaka yote bila kugombana na mtu. Sasa kama umeme utatoka Garissa au Marsabit, na watu wa kule wakakodishiwa ardhi yao na laini ndogo ikajengwa, na ikabidi uniti ipande kidogo, mimi nitalipa. Lakini nataka iandikwe kwenye risiti kwa mstari wake: kiasi gani, kinakwenda wapi. Na wao kule wawe na karatasi yao inayosema wamepokea. Zikigombana hizo karatasi mbili, tujue pa kuanzia kuuliza.